Kima wa Mkuyuni na Ramani ya Vitabu

Katika ufuko wa Msasani, mahali ambapo ngalawa huvutwa mchangani asubuhi na samaki kunadiwa, papa si mnyama wa hadithi. Ni samaki akatwaye vipande na kupelekwa sokoni. Kwa hiyo mtoto wa Msasani asimuliwapo kisa cha kima aliyefanya urafiki na papa, hapati taabu ya kukiona kwa macho ya moyo. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na papa akila matunda aliyotupiwa. Siku moja papa akamwalika rafikiye kwao, akambeba mgongoni, na katikati ya safari akamweleza kwamba Sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini. Wakarudi kuuchukua, naye akaruka juu asishuke tena. Papa alipomsihi, kima alimjibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi ambaye hakuwa na moyo wala masikio.

Kisa hicho kilichapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mwalimu akiuliza darasani ni kisa cha nani, jibu litakuwa la haraka: ni cha Waswahili. Jibu hilo si la uongo, ila limeishia njiani.

Katika kitabu cha Kihindi kiitwacho Panchatantra, kilichoandikwa kwa Kisanskriti, yumo kima akaaye juu ya mti wa jambu, ambao ni jamaa ya mzambarau. Rafiki yake ni mnyama wa majini ambaye wafasiri wengi humwita mamba. Katika karne ya 6 visa vya Panchatantra vilitafsiriwa Uajemi na tabibu Burzoe, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akavitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Humo mnyama wa majini amekuwa kobe, na mti umekuwa mtini, yaani mti wa tini. Sasa msomaji na aurudie mkuyu wa Unguja. Mkuyu na mti wa tini ni wa jenasi moja, Ficus. Mti wa Unguja unaufuata ule wa Kiarabu, wala haufuati jambu wa Bara Hindi, hali neno «dobi» katika kisa cha ndani ni neno la Kihindi hasa. Tena katika vitabu vya Kisanskriti na vya Kiarabu, anayemrubuni punda hadi kwa simba ni mbweha. Unguja kazi hiyo ameikabidhiwa sungura, yule mjanja wa ngano za bara zima la Afrika Mashariki.

Basi kisa kimoja kifupi kinabeba alama za njia tatu: mti wa Kiarabu, dobi wa Kihindi na sungura wa Kibantu. Papa ni wa bahari yenyewe. Wataalamu wa ngano wamekipa kisa hiki namba 91, na cha punda namba 52, katika orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910 huko Finland na kukuzwa na Stith Thompson wa Marekani. Mtu akifungua orodha hiyo huona ndugu wa kima wa Unguja wametawanyika katika nchi nyingi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kazi kama hiyo, ya kuchora njia ambazo visa, vitabu na mawazo hupita kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine, na njia ambazo wasomaji huzipita wenyewe vichwani mwao, ni kazi ya kisayansi. Kwamba inaweza kufanywa na wanafunzi wa sekondari wa Msasani, Temeke au Kinondoni kwa karatasi na uzi. Na kwamba isipofanywa na wao, ramani itaendelea kuchorwa na watu ambao vitabu vya Kiswahili hawavioni.

Mpango wa maktaba kwa kawaida hausaidii sana katika jambo hili, na si kosa la wakutubi. Mwanafunzi wa Msasani apandaye daladala kwenda mjini hadi Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, hukuta vitabu vimepangwa kwa namba za Melvil Dewey, Mmarekani aliyetoa mpango wake mwaka 1876. Dewey aliyagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Fungu la 800 ni la fasihi: Kiingereza kimepewa 820 yote, Kifaransa 840 yote, na fasihi za lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 896. Kila kitabu hupata namba moja na mahali pamoja, kwa kuwa kitabu ni kitu, na kitu hakiwezi kukaa juu ya rafu mbili. Lakini wazo linaweza. Omar Khayyam alikuwa mwanahisabati aliyetatua milinganyo ya daraja la tatu kwa njia ya jiometria, tena alishiriki katika kutengeneza kalenda ya Uajemi ya mwaka 1079. Mashairi yanayoitwa kwa jina lake yalifasiriwa kwa Kiingereza na Edward FitzGerald mwaka 1859, na kutoka Kiingereza Shaaban Robert akayafasiri kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1952. Ni rafu ipi impokee mtu huyu? Aljebra ni 512, ushairi wa Kiajemi umo katika 891, na Shaaban Robert mwenyewe yumo katika 896. Mwanafunzi wa hisabati na mwanafunzi wa fasihi wanaweza kumsoma mtu yuleyule kwa miaka minne wasijue kwamba ni mmoja.

Hata mtaala una rafu zake. Fasihi ya Kiswahili ina kipindi chake na mwalimu wake, fasihi kwa Kiingereza ina kipindi kingine na mwalimu mwingine, na mlango wa kati aghalabu umefungwa. Tamthilia ya Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa Venice ilifasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa hapo hapo Msasani, na tafsiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa na uzito mwingine kabisa. Ndani ya neno moja la jalada wamekutana mchuuzi wa Gujarati, mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 16 na mjadala wa Ulaya juu ya mtaji na unyonyaji. Kanuni ya maktaba husema kwamba tafsiri iwekwe pamoja na asili yake, yaani katika tamthilia za Kiingereza. Kanuni hiyo ni ya busara kwa mtu anayemtafuta Shakespeare. Kwa mtu anayetafuta Azimio la Arusha lilifanya nini katika lugha, kitabu kimefichwa.

Wako waliojaribu kuondoa ugumu huu. S. R. Ranganathan wa Bara Hindi, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi huko Madras, alitoa mwaka 1933 mpango ambao namba ya kitabu huundwa kwa kuunganisha pande zake mbalimbali badala ya kukitia katika kisanduku kimoja. Huko Marekani, Eugene Garfield alishika njia nyingine. Mwaka 1955 alipendekeza, na mwaka 1964 akaanza kuchapisha, fahirisi ya marejeo: daftari kubwa linaloonyesha makala ipi imeitaja makala ipi. Hapo ndipo ramani ilipoanza kuchorwa kwa hesabu. Kessler alionyesha mwaka 1963 kwamba makala mbili zinazotaja vitabu vilevile huelekea kuwa na habari moja. Mwaka 1965 Derek de Solla Price aliieleza sayansi nzima kuwa ni mtandao wa makala. Mwaka 1973 Henry Small, na pia Irina Marshakova wa Urusi pasipo kuwasiliana naye, waligeuza swali: vitabu viwili vinavyotajwa pamoja mara nyingi na watu wa baadaye vina uhusiano, hata kama waandishi wake hawakujuana. Uhusiano huo, msomaji na aone, haukuwekwa na waandishi. Umewekwa na wasomaji.

Ni uvumbuzi mzuri, na bado ndio unaotumiwa na mashine za kutafuta makala hadi leo. Ila fahirisi hizo zilianza na majarida ya sayansi, mengi yao ya Kiingereza, na makala ya Kiswahili inayotaja diwani ya Kiswahili kwa sehemu kubwa haihesabiwi. Kisichohesabiwa hakichorwi, na mtazamaji wa ramani, akiona mahali peupe, hudhani ni jangwa.

Wala wazo la kuhesabu nani amepokea nini kutoka kwa nani si geni katika pwani hii. Mwanachuoni wa Unguja, Lamu au Mombasa aliyesoma kitabu kwa shekhe wake alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha, na pamoja nayo mlolongo wa majina: shekhe wake alikisoma kwa nani, naye huyo kwa nani, hadi kwa mtungaji. Huo ni mtandao wa usomaji ulioandikwa karne nyingi kabla ya Garfield, na una jambo moja ambalo fahirisi yake haina: unaonyesha watu waliokaa mkeka mmoja. Kwa njia za namna hiyo, pamoja na barua na magazeti, mawazo ya Muhammad Abduh wa Misri yalimfikia Ahmad bin Sumait (1861–1925), kadhi wa Unguja. Na jarida la al-Manar la Cairo likamgusa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti lake, al-Islah, mwaka 1932. Mtu achoraye ramani ya mawazo ya Afrika Mashariki kwa kufuata vitabu vya Kiingereza peke yake atalikosa tawi hili lote.

Sasa yafaa kushuka kutoka mawazoni hadi darasani. Darasa la watu arobaini litengeneze kadi, kila kitabu kadi moja, zibandikwe ukutani. Kila mwanafunzi aorodheshe vitabu alivyovisoma kwa hakika, si alivyovisikia, kisha atamke viwili anavyoviona kuwa na uhusiano na aeleze sababu kwa sentensi moja. Uzi ufungwe kati ya kadi hizo mbili. Vitabu 20 vinaweza kuwa na jozi 190, kwa maana kila kimoja kinaweza kuunganishwa na 19 vingine, na jozi moja haihesabiwi mara mbili. Darasa litaona upesi kwamba nyuzi hazisambai sawasawa. Mahali fulani zitasongamana, na kadi nyingine zitabaki peke yake pembeni.

Hapa ndipo panapohitajika tahadhari, na pasipo tahadhari zoezi hili ni mchezo tu. Kitabu kilichowekwa katika mtaala kimesomwa na karibu kila mtu, kwa hiyo kitaonekana kuhusiana na kila kitu. Ikiwa kitabu cha kwanza kimesomwa na wanafunzi 30 kati ya 40, na cha pili na wanafunzi 8, basi hata kama hakuna uhusiano wowote kati yake, wanafunzi kama 6 watakuwa wamesoma vyote viwili kwa nasibu tu: 30 mara 8, kugawanya kwa 40. Darasa likikuta 6, halijagundua kitu. Likikuta 8, yaani kila aliyesoma cha pili amesoma na cha kwanza, lina sababu ya kuuliza, ingawa kwa idadi ndogo kama hiyo lisithubutu kujibu kwa haraka. Hesabu hii ndogo ingewaokoa wahakiki wengi.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Nyuzi zisiwe za rangi moja. Iko rangi ya njia iliyothibitika, kama ile ya Khayyam hadi Shaaban Robert, ambapo kila hatua ina kitabu na mwaka. Iko rangi ya njia inayodaiwa kwa dalili, kama ya kima: mti, dobi na sungura ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa alama zilizoachwa, kama mwanajiolojia anavyosoma tabaka za mwamba. Na iko rangi ya tatu, ya mfanano ambao msomaji ameuona mwenyewe. Mwanafunzi akisoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, amkute Karama amesimama barazani akishtakiwa kwa sababu ya mafundisho aliyotaka kuyaeneza, kisha asome jinsi Socrates alivyoshtakiwa huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, ataona mfanano. Ana haki ya kuuona, na ana haki ya kufunga uzi. Hana haki ya kusema kwamba Karama ametoka kwa Socrates. Watu wenye maneno yasiyopendwa na wakubwa wameshtakiwa katika nchi nyingi, na kufanana hakuthibitishi uzao, kama vile bawa la popo na bawa la kipepeo yasivyothibitisha kwamba mmoja ni babu wa mwenzake.

Nchi ya Kusadikika, iliyo angani, huwakumbusha baadhi ya wasomaji kisiwa kinachoelea hewani katika safari za Gulliver. Hapa mwanafunzi mwenye akili ya sayansi hatakata shauri kwa kutazama mfanano peke yake. Atauliza kama kitabu kile kilipatikana. Kilipatikana: safari za Gulliver zilikwisha kuchapishwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1930. Hilo laifanya njia iwezekane. Bado kuwezekana na kutukia ni mambo mawili, na rangi ya uzi haibadiliki mpaka ushahidi mwingine upatikane.

Wako watakaosema kwamba rangi ya tatu itupwe kabisa, kwa kuwa ni dhana ya msomaji na sayansi haijengwi juu ya dhana. Rai hiyo haikubaliki. Dhana ya msomaji haithibitishi habari za mtungaji, lakini ni ushahidi kamili wa habari za msomaji, naye pia ni sehemu ya maisha ya kitabu. Ukuta wa nyuzi za rangi ya tatu huonyesha jambo ambalo mtihani hauonyeshi: akili za darasa zimezoea kutembea kuelekea wapi.

Na aghalabu zimezoea kutembea kuelekea kaskazini. Mfano mzuri ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Wahakiki wa riwaya yake Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, hawachelewi kumtaja Albert Camus na falsafa ya Ufaransa juu ya kutokuwa na maana kwa maisha. Uzi huo si mbaya, na Kezilahabi alikuwa msomaji mkubwa wa falsafa. Lakini Kezilahabi alizaliwa Ukerewe. Katika kisiwa hicho hicho Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, habari ndefu za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotaabika kutafuta mtoto. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Kitabu kimoja kinaonyesha dunia ya Wakerewe ingali imeshikamana, watu wanajua wajibu wao na dawa za maradhi yao. Kingine kinaonyesha kijana msomi wa chuo kikuu ambaye dunia hiyo imemponyoka. Mtu akiviweka viwili hivyo bega kwa bega, swali la Kezilahabi hubadilika. Haliwi tena swali la mtu wa Paris lililovaa kanzu. Linakuwa swali la kisiwa kimoja kwa vizazi viwili. Ni wasomaji wangapi wamefunga uzi huo? Darasa linaweza kujihesabu lenyewe kwa saa moja.

Si lazima zoezi lingoje fedha wala kompyuta. Msasani haiko mbali na Kijitonyama, ambako kituo cha daladala kilicho karibu na ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia huitwa Sayansi tu, na makonda hulitamka jina hilo mchana kutwa pasipo kufikiri. Lakini sayansi inayosemwa hapa yataka kadi, uzi wa rangi tatu, na daftari la kuandika nani alisema nini na kwa sababu gani. Daftari ndilo la thamani kuliko ukuta. Nyuzi zitafunguliwa darasa litakapopakwa rangi. Sentensi moja moja za sababu zitabaki, na mwaka wa pili wanafunzi wapya watafanya zoezi lilelile kabla ya kuonyeshwa daftari la wenzao. Tofauti kati ya ramani hizo mbili ndiyo data ya kwanza.

Shule zilizo karibu na pwani zina nafasi ya pekee ya kuongeza jambo moja ambalo Steere hakulifanya. Wanafunzi wa Msasani waende kwa wazee wa ufukoni waulize kisa cha kima kinavyosimuliwa leo, kwa mkuyu au kwa mti mwingine, kwa papa au kwa mnyama mwingine, na kama punda wa dobi bado yumo ndani yake au amekwisha kuachwa njiani. Kila jibu liandikwe pamoja na umri wa msimulizi na mahali alikokisikia kwanza, kisha lifungwe uzi kuelekea kadi ya mwaka 1870. Atakayesema kwamba kisa alikisoma kitabuni shuleni, naye aandikwe hivyo hivyo, kwa rangi ya kwanza.